Baba Kwenye Shuka Jeupe

Wajukuu zangu hapa Korogwe wananiona mkorofi. Runinga ikianza tu kuonyesha ile filamu ya uhuru wananiita, "Bibi, njoo uwaone watu wa zamani." Nami nanyanyuka, naenda zangu jikoni. Filamu ile naipenda. Naichukia pia, na nina haki.

Siku ya uhuru baba yangu alikuwa mjini hapahapa akipiga ngoma, wapiga picha wakamnasa. Maisha yake yote alijisifu kuwa yumo kwenye sinema, na mama akimtania, "Wewe, na uso huo?" Hakupigwa picha nyingine tena. Baadaye tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, huko Kang'ata, akaiacha michungwa yake ikikaribia kuzaa. Mwaka wa pili homa ikamchukua.

Gari la sinema lilipofika kijijini, mama alikuwa kwenye eda. Mjane wa Kiislamu hatoki ovyo mpaka itimie miezi minne na siku kumi, na shangazi, dada yake baba, alikuja toka Makuyuni kuhakikisha. Jioni ile shangazi huyohuyo ndiye aliyewahi kukaa mbele kabisa. Mkuki kwa nguruwe.

Shuka jeupe likatundikwa, jenereta ikanguruma. Bendera ilipopanda tulipiga makofi hadi viganja vikawasha. Halafu baba akatokea. Kijana, mwembamba, ngoma kiunoni, anacheka huku akitutazama. Shangazi alipiga ukelele. Na filamu, isivyo na adabu, ikampita ikaenda zake kwa wakubwa na hotuba zao. Nilitamani kulipasua lile shuka. Alikuwa anauchekea uhuru, hajui kwamba utakuja kumng'oa kwake.

Watu wakamwomba mwenye mashine arudie. Akakubali, ila mara moja tu, maana alfajiri anaondoka. Nikatoka mbio hadi nyumbani.

"Mama, baba yupo. Twende, kuna giza, watu hawatakuona."

Mama akainuka. Akajitanda kanga, akafika mlangoni, akashika komeo. Ngoma zilianza kusikika kule uwanjani, naye akaliachia komeo.

"Watu si kitu, mwanangu," akasema. "Mungu je?"

Akarudi kuketi mkekani. Nilikasirika mno. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia shangazi, serikali, hata marehemu mwenyewe. Tukasikia makofi, kisha jenereta ikazimwa, na watu wakaanza kurudi majumbani kwao.

Halafu mama akaniuliza vile anavyoulizwa mtu aliyetoka safari, kuhusu ndugu aliowakuta huko.

"Umemwacha hajambo?"

"Nimemwacha mzima, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akajifunika kanga usoni.