Nafasi Kwenye Mkeka wa Silvestri

Mimi ni mhandisi wa maji. Kazi yangu ni ya vitu vinavyopimika: mteremko, mgandamizo, unene wa bomba. Nakwambia hivyo mapema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Hili lilinipata mchana, jua likiwaka, na nilikuwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka ukishamaliza kunisikiliza.

Nilizaliwa Nyamugari, mjini Gitega. Baba alikuwa fundi cherehani, akatamani nije kuwa na duka la vitambaa. Lakini mimi nilikua nikiwaona akina mama wa mtaani wakipanga foleni bombani tangu alfajiri, na jambo hilo halikunitoka moyoni. Nikasoma, nikapata kazi, nikamwoa Zaina, tukapanga nyumba mtaa wa Yoba, hukohuko mjini. Miaka ya mwanzo nilijenga. Vita vilipokuja sikujenga tena, nikawa mtu wa kutengeneza yaliyovunjwa. Kila nilipoondoka, Zaina aliniombea dua mlangoni, mtoto wetu mgongoni, bila kuuliza nitarudi lini.

Safari ninayokusimulia nilitumwa Muyinga. Watu waliokimbia vilima vyao walikuwa wamekusanywa kambini kando ya barabara, wakinywa maji ya bondeni, na watoto walikuwa wakiharisha na kufa. Kwenye kilima kilichohamwa kulikuwa na chemchemi iliyojengewa zamani, ila bomba lake halikuleta tena maji. Wanajeshi walituruhusu kupanda, mimi na Juma, fundi bomba wangu wa miaka mingi, mradi tushuke kabla ya jioni.

Tulipita kwenye nyumba zisizo na paa na migomba iliyomezwa na magugu. Juma akafuata bomba kuelekea chini, mimi nikabaki chemchemini. Udongo wa upande wa juu ulikuwa umetitia, nikadhani maji yamezibwa hapo. Nikainua sururu.

"Hapo usichimbe, mushingantahe."

Ndivyo tunavyomwita mwanamume wa heshima kwetu. Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge cha kijani kilichofifia, bidoni, yaani dumu la maji, mkononi. Alinisemesha Kirundi, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nikamsalimu, nikamweleza kazi iliyonileta. Akasogea, akaweka bidoni lake chini ya mdomo wa bomba. Bomba lilikuwa kavu, niamini, nilikuwa nimetoka kuingiza kidole humo. Yeye alingoja tu, kisha akaliinua bidoni kwa mikono miwili, mgongo ukapinda kwa uzito. Nikajua vita vimemharibu akili. Ni wangapi tuliowaona hivyo siku zile?

Nikamuuliza kwa nini nisichimbe.

"Wasichana wangu wamelala," akasema. "Maji yako yanapotea pale chini, kwenye mkaratusi." Akajitwika bidoni kichwani. "Ukifika kambini, mwambie Silvestri asituwekee nafasi tena. Kuna watu wananyeshewa."

Kabla sijamuuliza Silvestri ni nani, Juma akaniita kutoka chini, akiuliza naongea na nani. Niligeuza kichwa kumwitikia. Nilipotazama tena, hapakuwa na mtu. Ardhi ilikuwa na tope la mvua ya usiku, Juma akapanda, tukatafuta nyayo pamoja, tukakuta zetu tu.

"Shefu, mi nimesikia sauti yako tu," Juma akaniambia. "Tufanye kazi, tutoke hapa."

Tukachimba kwenye mkaratusi. Bomba lilikuwa limepasuka palepale aliponielekeza. Kabla jua halijazama, maji yalifika kambini, wanawake wakapiga vigelegele.

Nikamuuliza msimamizi wa kambi kama anamjua Silvestri. Akanipeleka kwenye banda refu lililojaa familia, akinieleza njiani kwamba mtu huyo amegombana na kila jirani. Ana mkeka mpana, analala ukingoni kabisa, na hakubali yeyote aguse sehemu iliyobaki. Mkewe na binti zake wawili walipotezana naye siku kilima kiliposhambuliwa. Anawangoja.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nilikaa mbele yake, nikamweleza kile kitenge, na bidoni, na yale maneno kama nilivyopewa. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Alionekana amechoka?"

"Bidoni lilikuwa zito," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Siku zote anajaza mpaka juu."

Kesho yake tulipanda tena naye, na majirani zake, na wanajeshi. Pale nilipokuwa nimeinua sururu, hatukuhitaji kuchimba sana. Mkewe alikuwa hapo, wasichana ubavuni mwake. Padri akawasomea sala, nami nikasimama pembeni na dua yangu. Tukawazika vizuri mbali na chemchemi, halafu tukaosha matangi yote ya maji kwa klorini, dawa ya kuua vijidudu. Siku hiyohiyo Silvestri alimwita mama mmoja aliyekuwa akilala mlangoni pa banda na watoto wake, akampa mkeka wote. Maji ya bomba lile, yaliyotoka pale walipokuwa wamelala mkewe na binti zake, hakuyanywa kamwe. Kila asubuhi alipita kando ya foleni bila kugeuka, akashuka bondeni na ndoo yake.

Nilirudi Gitega, nikamsimulia Zaina, naye akanikumbatia. Nimefanya kazi hiyo mpaka mvi zimenitoka, lakini furaha ya kuona maji yakifika ilibaki Muyinga. Watu wakishangilia bombani, mimi hujikuta natazama upande wa juu.

Basi nawe unayechimba msingi, au kisima, au shimo la taka, sikiliza. Vilima vyetu vimelaza watu wengi ambao hawakuagwa. Watafute kwanza waliokuwa wakikaa hapo, uwaulize. Na ukipewa neno la kumfikishia mtu, lifikishe, hata likikukwama kooni. Lile la Silvestri linaniuma mpaka leo. Ningelimeza, angekuwa bado amelala ukingoni.