Babu Hana Magego

Eti sheria! Sheria gani inamfukuza shangazi yangu kazini kwa kosa la kumpanda farasi aliyemtunza miaka ishirini na mbili? Ngoja niseme, maana watu wanabwabwaja tu na habari yenyewe hawaijui.

Shangazi ni mtunza farasi kwenye shule ya kupanda farasi. Mimi naosha magari hapo nje ya geti, kwa hiyo kila kitu nakiona. Farasi mkongwe kuliko wote tunamwita Babu. Mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba, macho yana ukungu, lakini akisikia shangazi anakohoa kule mlangoni, masikio juu!

Mwezi uliopita Babu akakonda, mbavu nje. Meneja mpya akakuta matonge ya nyasi sakafuni.

"Huyu anatema chakula. Kwisha habari yake. Ijumaa daktari anakuja na sindano ya kumlaza moja kwa moja."

"Bosi, huyu haumwi," shangazi akamwambia. "Hana magego! Wewe ukipewa mahindi makavu na ufizi mtupu, utameza?"

Tatizo lilikuwa ile karatasi ya meneja ukutani: farasi wote nyasi kavu, kiasi kilekile. Mzee na kijana sahani moja. Aliyeiandika hajawahi kumfungua farasi mdomo.

"Nipe wiki tatu," shangazi akasema.

"Haya, tatu. Asiponyanyuka usinililie."

Basi kila asubuhi ni ndoo: pumba, maji ya uvuguvugu, karoti za kukwaruza, analoweka mpaka iwe uji. Babu anakula weee, kisha pua yenye uji anaipangusia begani kwa shangazi. "We mzee huna adabu," shangazi anamwambia, huku anacheka. Wiki ya tatu mbavu hazionekani. Meneja akabuni lingine.

"Kunenepa siyo kazi. Nani atampanda huyo?"

"Mimi."

"Wewe? Na goti hilo bovu?"

Wafanyakazi hawaruhusiwi kupanda, na shangazi alijua. Akamsugua Babu kwa brashi, akakunja blanketi mbili chini ya tandiko pale palipobonyea, akasogeza kreti. Wengine wanapanda kutoka chini, wanamvuta mzee wa watu upande mmoja. Yeye akasimama juu ya kreti, akavusha mguu, huyo, kakaa! Kazunguka uwanja mzima taratibu, hatamu kalegeza, Babu kainua shingo kama bwana harusi. Watoto waliokuja kujifunza wakapiga makofi. Mimi nikapiga mluzi mpaka sponji ikaniponyoka.

Meneja akangoja ashuke. "Umevunja sheria. Usirudi hapa."

"Sawa, mimi naondoka. Babu atalishwa na nani?"

"Karatasi ipo ukutani."

Umesikia? Karatasi! Leo siku ya pili. Nimechungulia bandani: matonge sakafuni tena. Shangazi yuko nyumbani, ndoo yake kaja nayo, kaapa hamwombi mtu msamaha. Na asiombe!

Sasa ninyi mnaoleta watoto pale: kesho msiwapandishe farasi yeyote. Simameni getini, mwambieni meneja amrudishe shangazi, na ile karatasi aichane mbele ya macho yenu. Mkikaa kimya, Babu anakufa njaa huku nyasi ziko mbele yake. Njooni kesho, siyo wiki ijayo.