Maandishi Madogo ya Kopo la Maziwa

Binti yangu wa kwanza alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika shamba la mzungu upande wa Saboti, ambako mume wangu alikuwa akikamua ng'ombe. Maziwa yote yalipakiwa kwenye gari na kupelekwa Kitale. Sisi wafanyakazi hatukuruhusiwa kuchukua hata kikombe. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Mtoto alipofika miezi mitatu nilishikwa na homa kali, na nilipopona, maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Mume wangu alimwomba mzungu chupa moja kwa siku. Akajibiwa kwamba wafanyakazi wakipewa leo, kesho wataiba. Basi akaenda Kitale, akamweleza mwenye duka wazi kabisa kwamba anatafuta maziwa ya mtoto mchanga wa miezi mitatu. Akauziwa makopo ya maziwa mazito, matamu, yenye picha ya ng'ombe aliyenona. Nikawa nayakoroga kwa maji yaliyochemka, namnywesha mtoto kwa kijiko. Aliyapenda, nami nikamshukuru Mungu.

Miezi miwili haikupita kabla mapaja yake hayajanyauka, kisha nyayo na uso vikavimba. Jirani mmoja alisema ni jicho la mtu. Mwingine akasema nina mkono mbaya wa kulea. Hilo nililiamini, nikazidi kumwongezea maziwa yale yale.

Mama mkwe akatuma ujumbe nimpeleke mtoto nyumbani Kimilili. Nilikwenda na makopo mawili kikapuni. Huko nilimkuta wifi yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Bungoma. Aliniona nikikoroga maziwa, akalichukua kopo, akaligeuza polepole, akauliza ni nani aliyetuuzia. Nikamwambia.

"Wifi," akasema, "hapa chini wameandika kwamba maziwa haya yametolewa mafuta, na mtoto mchanga asipewe."

Akanionyesha kwa kidole. Yalikuwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, tena ya Kiingereza. Picha ya ng'ombe ilienea nusu ya kopo.

Sikulia. Niliinuka kwa hasira, mtoto mkononi, hata wifi akaninyang'anya asije akaniponyoka. Mama mkwe alitoka akakamua ng'ombe wake, akachemsha maziwa, na asubuhi tukampeleka mtoto kwenye zahanati ya misheni. Ilichukua wiki nyingi uvimbe kwisha. Alipona, lakini alitembea akikaribia miaka miwili, na wenzake walikuwa wakikimbia.

Niliporudi Saboti nilimbeba mgongoni moja kwa moja hadi Kitale, nikaliweka lile kopo mbele ya mwenye duka. Nikamweleza yaliyotupata. Alilitazama kopo, hakumtazama mtoto.

"Si imeandikwa, mama? Mimi sikuficha kitu."

"Imeandikiwa nani?" nikamuuliza.

Akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Mwaka huo nilijiunga na darasa la akina mama la kusoma na kuandika kanisani. Mwalimu alitaka tuanze na majina yetu. Nilimwomba anifundishe kwanza yale maneno ya kwenye kopo, akanifundisha. Tangu hapo, kila nilipofika duka lile, nilimwambia kila mwanamke mwenye mtoto kopo lipi aache na lipi achukue, maana maziwa yenye mafuta yake kamili yalikuwapo pia, kwenye rafu ya juu. Mwenye duka alinifukuza. Nikawa nasimama nje, barazani, na wanawake wakawa wananiletea makopo niyasome kabla hawajalipa.

Wazee wa kanisa waliniita wakaniambia nimsamehe, kwa kuwa huenda hakujua. Niliwaheshimu, nikawajibu kwa upole kwamba nimesikia. Lakini mtu yule alikuwa akisoma gazeti la Kiingereza kila siku juu ya meza yake, na mume wangu alimwambia mtoto ana miezi mitatu.