Sahani ya Baba na Pakiti za Prisila

Wifi yangu Prisila ana mikono midogo kama ya mtoto wa darasa la pili, na kwa mikono hiyo amenipokonya baba yangu. Nasema mapema ili msije mkadai sikuwaambia. Ukiuliza watu wa Njombe, watakuambia Prisila ni mpole, mchapakazi, anaimba kwaya na hajawahi kugombana na mtu sokoni. Yote ni kweli. Ndiyo maana kumchukia ni kazi ngumu, na mimi nimeifanya kazi hiyo miaka mingi bila likizo.

Alitoka Manda, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akaolewa na mdogo wangu Obed, fundi ujenzi. Baridi ya Njombe ilimtesa mwaka wa kwanza hadi akawa anafua nguo amevaa masweta mawili, moja la kwake na moja la Obed. Tulimcheka. Nikasema moyoni, huyu atarudi kwao kula dagaa kabla mahindi hayajakomaa. Hakurudi. Akapata kazi ya kupanga bidhaa kwenye supamaketi moja mjini, akazaa, akatulia, akawa mwenyeji.

Mimi ni Erica. Nina mgahawa Makambako, karibu na njia panda, na madereva wa malori yanayokwenda Tunduma wananiita Mama Rosti. Ninapika kwa ajili ya watu wanaolipa, watu wenye njaa na haraka, wasio na sababu ya kunibembeleza. Wanarudi. Chema chajiuza, na rosti yangu haijawahi kuhitaji kibao.

Baba yetu, mzee Yoeli, alikuwa mpasua mbao huko Matembwe enzi za nguvu zake. Tangu mama afariki anaishi kwa Obed. Mwaka jana nimonia ilimlaza, akapona, lakini hamu ya kula haikurudi. Kila alichoonja alisema kina ladha ya unga wa mbao. Suruali zikaanza kumvuka, mkanda ukaongezewa matundu kwa msumari wa moto, na daktari akatuambia wazi kwamba dawa iliyobaki ni chakula.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Kwa Wabena wa rika la baba, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hata kutazamana usoni ni aibu. Prisila aliishika mila hiyo kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Alipita mlango wa nyuma hata mvua ikinyesha. Akishapika, sahani ya baba ilibebwa na Obed, au na mimi nikija Jumapili baada ya ibada. Kama hapakuwa na mtu, aliweka sinia kwenye kigoda nje ya mlango wa sebule, akakohoa, akaondoka, na baba akasubiri nyayo zipotee ndipo akafungua.

Kwa hiyo Jumapili zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyemnawisha baba, nikamwekea sahani mbele, nikakaa naye. Jambo hilo nililipenda kuliko ninavyoweza kueleza, na sikuwa na nia ya kumgawia mtu.

Jumapili moja nikafika na rosti ya mbuzi kwenye hotpoti, nimeamka alfajiri kuipika. Baba akala matonge mawili, akasema, "Tamu sana, mwanangu," akasukuma sahani. Nikaenda jikoni kuficha machozi. Nikamkuta Prisila ameinama kwenye jiko la mkaa, na mezani kuna pakiti ya supamaketi imekatwa kona, ina picha ya kuku anayeogelea kwenye mchuzi mwekundu.

"Wifi, ndiyo nini hiyo?"

"Mchuzi wa Kihindi, dada. Unakuja umeshapikwa kabisa. Hapa Njombe hauna wanunuzi, ukikaribia tarehe ya kuisha tunauziwa sisi wafanyakazi kwa bei ya chini."

"Baba yangu anakufa kwa kukosa hamu, wewe unamfungulia pakiti?"

Hakukasirika. Hakasiriki, hilo ndilo tatizo lake. Akasema, "Pakiti si mboga, wifi. Ni mwanzo wa mboga." Akaendelea kukoroga, huku ananisimulia kama vile nimemwomba. Amezionja zote zilizopo rafuni. Ile ya kuku wa siagi ni tamu mno, kama mtu amekosea akatia sukari ya chai. Ile ya dengu ina chumvi ya kutosha ukoo mzima. Ile ya mchicha na jibini, jibini lake linang'ang'ania meno. Hakuna iliyo nzuri, ila kila moja ina kitu: hii harufu, ile uzito, ile rangi. Kwa hiyo anachukua nusu tu. Anakaanga vitunguu vyake polepole mpaka viwe kahawia, anatia tangawizi mbichi, njegere, viazi vya hapa kwetu na maziwa mgando kidogo, na mwisho mbegu za maboga zilizokaangwa kavu zikatwangwa.

Nikabeba sahani ile kwa hasira, nikitaka ishindwe mbele ya macho yangu. Baba akala. Akala, akaendelea kula, akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho. Kisha akaniangalia, macho yamelowa.

"Erica," akasema, "mapishi haya yamenirudisha duniani. Mungu aubariki mkono uliopika."

Nani angesema? Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, mimi ndiye niliyebeba sahani, na baraka ilikuwa imetua kwangu. Nikajibu, "Amina, baba," nikarudisha vyombo jikoni. Prisila akaichukua ile sahani tupu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. Hakuuliza kitu. Na mimi sikumpa kitu.

Wiki iliyofuata nikamwambia Obed kwamba Njombe ni baridi mno kwa kifua cha mzee, acha aje kwangu Makambako. Makambako nako si Tanga, Obed akacheka, lakini akakubali. Sina haja ya kuzunguka: nilitaka baba anenepe kwangu, abaki kwangu, na watu waseme ameokolewa na bintiye wa kumzaa. Baba akakubali bila ubishi. Prisila ndiye aliyenifungashia mfuko wa pakiti, akarudia maelezo yote, nami nikawa natikisa kichwa huku masikio yangu yako stendi.

Mimi ni mpishi wa kazi. Niambiwe nini na mpanga makopo?

Nikaanza na ya kuku. Sikutia nusu, nilitia yote, nikaongeza nyanya, karoti, pilipili hoho na kitunguu saumu cha kumfukuza shetani. Madereva walioonja waliramba vidole, mmoja akaniuliza kama nimeajiri Mhindi. Baba akasema, "Tamu sana," akala matonge mawili. Nikajaribu ya dengu, nikaiosha chumvi kwa maji, ikawa haina maana. Ya mchicha niliiunga karanga. Baba kila siku alisema tamu sana, kwa adabu ileile anayomshukuru nayo mtu wa kumpima presha, na mkanda ulizidi kukazwa tundu kwa tundu. Nikamkalia mbele, namwangalia usoni kila tonge. Uso wa baba ulikuwa umejaa shukrani, na bakuli lilikuwa limejaa mchuzi.

Mwishowe nikampigia Prisila. Mjue ilivyonigharimu kubonyeza lile jina.

"Wifi, pakiti zako zimeharibika."

"Pole, dada. Sahani inarudije?"

"Inarudije vipi? Inarudi na chakula."

"Nauliza kimeachwa nini, na kimeachwa wapi. Pembeni au katikati?"

Nilitaka kumkatia simu. Akaendelea kwa sauti yake ileile ya chini. "Wifi, mimi tangu niolewe sijamwona mzee akila hata tonge moja. Ningejuaje anachopenda? Naangalia sahani ikirudi. Nyama ikirudi pembeni imetafunwa ikatemwa, najua ni meno, nakata vipande vya kuingia kwenye kijiko. Njegere zikirudi maganda, kesho naziponda. Nyanya ikizidi, anaacha mchuzi kama ulivyo, hagusi. Mtu ukimuuliza atakujibu kwa heshima. Sahani haina heshima."

Miezi yote hiyo mimi niliyekuwa na ruhusa ya kukaa mbele ya baba yangu nilikuwa naangalia uso wake, na yeye aliyekatazwa hata kumtupia jicho alikuwa anamjua mpaka jino. Wivu ulinipanda. Siyo wivu wa mapishi. Nilimwonea wivu kwa kile kizuizi chake. Laiti na mimi ningekuwa nyuma ya ukuta, labda ningemjua.

Lakini nikafuata. Kwa uchungu, nikafuata. Nusu pakiti, vitunguu polepole, nyama ndogondogo, njegere zilizopondwa, mbegu za maboga, bila nyanya hata moja. Nilimpelekea baba, nikatoka nje nikamwacha peke yake, na niliporudi bakuli lilikuwa jeupe. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikaona kesho, keshokutwa, baba anafungua vifungo vya shati kwa kunenepa, baba anabaki.

"Sasa umepika kama mkamwana," baba akasema.

Nikakaa chini. "Kama mkamwana gani?"

"Ninao wangapi?"

"Baba, ile Jumapili... ulinibariki mimi."

"Erica, mkono wako nimeula tangu hujavunja ungo. Unatia nyanya kama unazima moto." Alisema bila ubaya, ndivyo ilivyouma. "Nilijua si wewe kabla sijameza. Ila mila hainiruhusu kumsifu mkamwana kwa mdomo wangu, na wewe ndiye mbeba sahani. Nikasema, aubariki mkono uliopika. Nilikutuma. Hukumfikishia?"

Nje lori lilikuwa linapiga honi kwenye njia panda. Nilitamani liingie ndani.

"Hukumfikishia," baba akasema, safari hii bila kuuliza. Akavuta sweta lake. "Miaka yote nimekuwa nikituma salamu jikoni kupitia kwako. Asante ya sikukuu. Pole alipofiwa na mama yake kule Manda. Zote zimefia kwako?"

Zilikuwa zimefia kwangu. Si kwamba nilizitupa. Kila moja ilikuwa ndogo, na kila moja nilipoibeba kuelekea jikoni iliniuma mkononi, nikaiweka mfukoni.

"Basi nitasema mwenyewe," akasema.

Kwetu mila ya kukwepana ina mlango wa kutokea. Baba mkwe akimpa mkamwana kitenge na kuku jike mbele ya shahidi wa ukoo, aibu imeondolewa: ataingia kwa mlango wa mbele, ataweka chakula kwa mkono wake, watasalimiana. Wazee wengi hufa bila kufanya hivyo. Baba alinituma mimi nikachague kitenge, akakikataa cha kwanza kwa kuwa rangi zake zilikuwa hafifu, na ni kweli nilikuwa nimekitafuta kilichofifia. Kuku nikamkamata mwenyewe kwenye banda langu. Jumamosi tukarudi Njombe, baba, mimi na kuku.

Obed alikuwa kazini Ludewa, hivyo shahidi nikawa mimi. Prisila akaitwa. Akaingia kwa mlango wa mbele huku ameinamisha kichwa, akapiga magoti, na baba akamwekea kitenge mabegani na kuku mikononi.

"Kamwene, mwanangu," baba akamsalimia.

Prisila akainua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba baba ana kovu la msumeno kwenye kidevu. Akaitikia, kisha akaanza kulia, na baba akampa pole ya mama yake, pole iliyochelewa, neno kwa neno kama alivyonipa mimi wakati ule. Nilisimama karibu na kabati, mikono haina kazi. Nilitaka mtu aniombe hata maji.

Akaenda jikoni, akarudi na chakula. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa sebuleni na baba, na sahani yake ikaletwa na mtu mwingine. Harufu ya tangawizi ilijaa chumba. Prisila akapiga magoti na birika la kunawia, akamwelekea baba, nami nilikuwa namhesabia makosa: birika amelishika vibaya, taulo ameliweka bega lisilo sahihi. Hapakuwa na kosa lolote la maana. Baba akarudisha mikono nyuma.

"Hapana, mwanangu," akamwambia kwa upole, "anza na mgeni. Ametoka mbali."

Nikageuka mlangoni kuona nani amekuja. Humo ndani tulikuwa sisi watatu tu.