Mganga Hapigwi Akifufua

Mpaka leo mtu akiniambia "ile ni gemu tu," mate yananijaa mdomoni kama nimelamba sabuni. Na mimi si mtu wa kununa. Wanaonijua watakwambia huyu hucheka hata akijikwaa. Lakini jambo la Jumamosi ile sijawahi kulicheka, na sidhani kama nitalicheka.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, Chang'ombe ya Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kumimina mbegu juu na kuzoa mashudu chini, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Kidato cha nne nilikimaliza kwa matokeo ambayo mama aliyaangalia mara moja tu, akaikunja karatasi akaiweka chini ya godoro. Nilitaka kuwa muuguzi. Chuo hakikunitaka. Basi nilikuwa namimina mbegu huku najiona nimevaa gauni jeupe, natembea wodini, wagonjwa wananiita sista. Ndoto hazina kiingilio.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye chumba cha mbele alikuwa anajaribu bahati: saluni, duka la simu, banda la video. Jirani na mashine yetu mama mmoja, mtu wa mjini hasa, babu zake walikuja na misafara ya zamani wakabaki, alifungua kafe ya intaneti. Kaka yake naye akafungua yake kule Majengo, karibu na soko. Wakasimamisha antena juu ya mabati, hii inaitazama ile, na ndani ya kompyuta kubwa ya yule mama wakaweka gemu moja ambayo watu wa kafe zote mbili waliweza kuicheza pamoja. Ukikaa Chang'ombe unamwona mtu wa Majengo anatembea msituni na upanga. Anakuandikia "mambo," nawe unamwandikia "poa." Sura yake halisi huijui.

Kila mchezaji alichagua kazi. Wengi walitaka upanga, wengine mishale, wengine moto wa mkononi. Mganga hakuna aliyemtaka, maana mganga haui, anaponya. Mimi nikamchukua. Wenzangu walicheka mpaka wakapiga meza.

"Huyo sasa! Mlete kuku mweusi tuaguliwe!"

"Dada, na zile hirizi unauza?"

"Nauza," nikawajibu. "Ila ninyi hazitawafaa, ugonjwa wenu ni wa kichwani."

Hawakujua kwamba mganga ndiye anayetafutwa na kila adui. Ukitaka kuangusha timu, unaanza na anayewainua. Kwa hiyo nilijifunza kuishi. Nilijifunza kutosimama mahali peupe. Unatafuta nguzo au ukuta uliobomoka, unazunguka nao, adui akija kushoto wewe uko kulia. Nilijifunza kutomwaga dawa kwa mtu aliyekwaruzwa. Kila mganga ana mstari wa buluu wa nguvu zake, na ukiisha hapo ushakuwa mtalii. Unaangalia nani anakaribia kufa kweli na nani analia tu. Na kulikuwa na hila moja niliyoipenda: unainua mikono kama unaanza kuponya, adui anatumia pigo lake la kukukatiza, kumbe ulikuwa unamdanganya, umeshashusha. Pigo lake limekwenda bure, sasa unaponya kweli kwa raha zako. Hila ya namna hiyo sikuiona haramu. Ni kama chenga ya mpira.

Lakini kufufua kulikuwa jambo jingine. Mtu wako akifa, unamwendea maiti pale pale alipoanguka, unainua mikono juu, na unakaa hivyo muda mrefu bila kusogea. Hapo mtoto mdogo anaweza kukuua. Gemu yenyewe haikukataza. Sisi ndio tuliokataza.

Ilianza hivi. Siku moja mtu wetu alikufa katikati ya vita, mimi nikaenda kumfufua, na mganga wa Majengo alikuwa karibu yangu kabisa. Nikajua nimekwisha. Badala ya kunipiga, akasimama. Maneno yakatokea chini ya kioo: "mbukwa dada mganga. pole kwa msiba." Mbukwa ni salamu ya Wagogo, na mimi bibi yangu ni wa Kongwa, nikacheka peke yangu. Baadaye aliandika kwamba vidole vilimtangulia. Kwao mtu akifa unatoa pole kwanza, hata kama jana mlikuwa mnagombea mpaka wa shamba. Fimbo unaiegemeza nje, unaingia unakaa na wafiwa.

Wote tukaipenda. Ikawa sheria: mganga hapigwi akifufua. Na adui anayemwona mganga anafufua, lazima aandike pole. Angalia uzuri wake, na angalia pia hatari yake. Ili uandike pole inabidi mikono iache kupigana. Upanga wako unalala, unabaki kama mti, unatafuta herufi ya P, unatafuta ya O. Yule mganga wa Majengo alikuwa anaandika kwa kidole kimoja. Unaona herufi zinakuja moja moja kama kobe. Tulikuwa tunamsubiri amalize. Maadui, tunasubiri! Nilikuwa najisemea, hawa watu wakiniuguza mimi nitapona.

Tatizo likawa antena. Jumamosi mchana kafe zote mbili zikijaa, gemu inaganda, mtu anakimbia hewani bila miguu kugusa chini. Mama na kaka yake wakaamua: Jumamosi icheze kafe moja tu mpaka mvua zianze, nyingine ipate siku za kazi. Nani achukue Jumamosi? Vita viamue, watano kwa watano, kafe ambayo watano wake wote watakuwa wamelala chini kwa pamoja, ndiyo imeshindwa.

Wengine walikuwa wanataka tu sifa. Mimi nilikuwa na Jumamosi peke yake. Siku nyingine nikitoka kwenye mashine mama wa kafe anafunga mlango aende kuswali. Tukishindwa, sitakuwa mganga tena mpaka mvua, na Dodoma mvua unajua zinavyojivuta. Kwa hiyo sitaki kusema sikutaka kushinda. Nilitaka sana. Nilikwenda siku hiyo nimenawa mikono kwa majivu ili vidole visiteleze kwenye kipanya kwa mafuta ya alizeti.

Kepteni wetu alikuwa kijana wa chuo, msafi, ana kalamu mfukoni hata Jumamosi. Alitupanga kama mwalimu wa zamu.

"Dada, wewe fanya kazi yako tu. Mtu akianguka, mfufue. Usiulize."

"Kwani mimi huwa nauliza?"

"Leo hasa usiulize."

Vita vilikuwa kwenye ngome iliyobomoka. Hata hatujajipanga vizuri, fundi baiskeli wetu, mtu mwenye upanga mkubwa kuliko sote, akatoka akaenda peke yake mbele ya watu wa Majengo.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Fundi, rudi nyuma, dawa haifiki huko!"

Akawa anacheka tu, kiti cha pili kutoka kwangu. Wakamwangusha. Nikakimbia, nikafika kwenye maiti yake kando ya ukuta, nikainua mikono. Watu wanne wa Majengo walikuwa wamenizunguka. Wakasimama wote, kama siku zote. Maneno yakaanza kuja.

"pole"

"poleni sana wafiwa"

"mbukwa dada mga"

Hakumaliza. Kepteni na wenzetu wawili walikuwa wamejificha nyuma ya ule ukuta tangu mwanzo.

"Sasa! Wapige, wanaandika! Wapige!"

Wakawakata pale pale. Watu waliosimama na mikono chini, wakaanguka mmoja juu ya mwingine, na zile pole zao bado ziko chini ya kioo. Mmoja alikuwa ameanza kuandika "jamani" akafika "jama." Kafe nzima ikalipuka kwa kelele. Watu wanagongana viganja, mtu anacheza kati ya viti. Mimi nikamgeukia fundi. Nilisikia harufu ya mashudu yaliyochacha, wakati mashudu hayakuwepo mle ndani.

"Ulijifanya?" nikamuuliza fundi.

"Niliambiwa nife, nikafa," akasema huku anajifuta machozi ya kicheko. "Tena nimekufa vizuri, sema kweli!"

Vita vilikuwa havijaisha. Mtu wao wa tano, mwenye mishale, alikuwa mbali, upande wa mtoni. Kwenye gemu ile mganga aliweza kufufua maiti yeyote, wa kwake au wa adui. Hakuna aliyewahi kufufua adui, lakini kitufe kilikuwepo. Fundi nikamwacha alale. Nikasogea kwa yule mganga aliyekuwa hajamaliza kuniamkua. Nikainua mikono.

"Unafanya nini?" Kepteni akasimama kwenye kiti chake. "Dada! Huyo si wetu!"

"Naona."

"Utatupotezea Jumamosi!"

"Ni yangu pia."

Sikufikiri angefanya. Alikaa, akashika kipanya, upanga wake ukaja mpaka nilipokuwa, na akanipiga. Mimi, mtu wa timu yake, mikono ikiwa juu. Niliona mstari wangu mwekundu unaisha na sikuweza kusogea. Nikaanguka juu ya yule mganga. Kisha wakaenda wakammaliza yule wa mtoni, watatu kwa mmoja, na Jumamosi zikawa zetu.

Mama mwenye kafe alikuwa mlangoni, ushungi begani, ameyaona yote.

"Mmeua watu wakiwapa pole?" akauliza.

"Ni taktiki, mama," Kepteni akamjibu kwa adabu zote. "Hakuna sheria iliyoandikwa."

"Na kula mezani bila kutema chakulani kumeandikwa wapi?" akasema. "Kuku ana haya kuliko ninyi." Lakini alikuwa ameahidi, na ahadi akaitimiza. Jumamosi tukapewa.

Iliyofuata nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda. Nilikuwa nimeipata, ningeiacha vipi? Nilikaa kwenye kiti changu. Hapakuwa na mtu wa Majengo, ni sisi tu na wanyama wa msituni. Fundi akaliwa na fisi wa gemu, nikaenda kumfufua, nikainua mikono. Hakuna aliyeandika kitu. Kepteni akaja akaikalia maiti, akawa anarukaruka juu yake, wenzake wakacheka. Walikuwa wamegundua kwamba ukibonyeza kitufe cha kukaa unaweza kumkalia maiti usoni. Kinyaa kikanipanda kwenye mikono yenyewe. Kipanya nikakiona kama kitu kilichotoka chooni. Nikatoka, nikaenda kwa miguu mpaka Majengo.

Kule sikumjua mtu, lakini kompyuta zilikuwa zinawaka, na watu wanacheza. Yule kaka wa mama mwenye kafe alikuwa ameweka gemu kwenye kompyuta yake mwenyewe, hawakuhitaji antena tena. Walikuwa na msitu wao.

"Mbukwenyi," nikawaamkua wote kwa Kigogo mlangoni. "Mimi ndiye mganga wa Chang'ombe."

Vidole vikanyamaza. Kijana mmoja mrefu, muuza mitumba kwa jinsi alivyokuwa na mzigo wa suruali chini ya meza, akageuza kiti. Mimi siku zote nilidhani mganga wao ni msichana, kwa ule upole.

"Ndiye wewe uliyetaka kunifufua?"

"Ndiye. Nimekuja kutoa pole."

"Sawa." Hakucheka, hakununa. "Unacheza leo?"

"Mkinipa kiti."

"Kiti kipo. Kila Jumamosi ukitaka. Kaa hapa."

Sitaficha, moyo wangu uliruka. Nilikaa. Nikaanza kumwambia kuhusu mashine ya alizeti, kuhusu bibi wa Kongwa, naongea kama redio. Mmoja wao akaingia msituni, akajiacha akafa kwa makusudi. Nikaambiwa nimfufue. Nikainua mikono. Nyuma yangu nikasikia viti vinakwaruza sakafu, watu wanajiweka sawa, na kwenye kioo wenzake wanne wakaja mbio. Nikaanguka kabla sijahesabu mpaka tatu.

"Umechelewa," yule mrefu akamwambia mwenye mishale. "Mtu wao akifa usimwangalie maiti. Mwangalie mganga. Akiinua mikono tu, hapo hapo. Dada, tena, tafadhali."

"Tena nini?"

"Inua mikono. Mvua zikikaribia tunarudiana na ninyi. Hapa hatuna wa kujaribia."

"Wa kujifunzia kuchinja hununuliwa mnadani, kaka," nikamwambia. "Ana pembe na mkia. Mimi nimekuja na pole."

Wenzake wakaguna, mmoja akacheka kidogo. Yeye alikuwa anatazama kioo, pale nilipolala.

"Pole ndiyo iliyotuua, dada," akasema, tena kwa upole ule ule aliokuwa nao akiandika kwa kidole kimoja. "Sasa utainua, au nimpe mwingine kiti?"

Nikasimama. Sijafika hata mlangoni, nikasikia kiti kimevutwa, mtu mwingine ameshakaa.