Kimya Maana Yake Shusha

Koo langu lilifunga nikiwa juu ya kisima, na chini kulikuwa na mtu.

Sisemi lilikauka. Lilifunga. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa tupu kama tairi lenye pancha.

Mtu wa chini alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Na kilichokuwa kinamshukia ni pete ya zege nzito kuliko ng'ombe.

Tulieni niwaeleze.

Kazi yetu ni kuchimba visima. Shimo likifika kwenye maji, tunashusha pete za zege, moja juu ya nyingine, ndizo zinazozuia kuta zisibomoke. Zinashushwa kwa winchi. Mwendesha winchi, mzee tuliyemwita Babu Chuma, anakaa nyuma ya injini. Shimo halioni. Na injini inavyonguruma, mtu wa chini hata akilia hasikiki.

Kwa hiyo ukingoni anawekwa mtu mmoja mwenye mapafu. Huyo ni mimi. Kazi yangu ni neno moja tu: "Shika!"

Nikilitamka, winchi inasimama. Nisipolitamka, inaendelea.

Kwetu kimya maana yake shusha. Hata mgeni wa siku moja anafundishwa hilo kabla hajapewa sepetu.

Waliniita Spika. Shule niliishia darasa la tano, lakini koo Mungu alinipa. Bosi aliwahi kuambiwa anunue filimbi, akacheka: "Filimbi ya nini, na huyu ninamlisha?"

Shemeji tulimwita Fuko, kwa vile maisha yake yalikuwa ardhini. Alikaa kwangu, alikula kwangu, na kila jioni alirudi na tope masikioni, ananung'unika.

"Shemeji, wewe una wake wawili."

"Wa pili yuko wapi?"

"Ukingo wa kisima. Umeuoa, hutaki mwenzako hata auguse."

"Siku ukipata sauti njoo uuchukue," nikamjibu mbele ya watu. "Kwa sasa unalia kama kifaranga."

Watu walicheka mpaka Babu Chuma akazima injini aulize kuna nini.

Fuko hakucheka.

Baadaye bosi akapiga marufuku sigara, kisa petroli ya injini. Nilivuta tangu ndevu hazijaota. Nilikuwa kama kuku aliyekatwa kichwa.

Fuko huyohuyo akaniletea vepu, ile sigara ya umeme.

"Haina moto, shemeji. Maji yake yana ladha ya tumbaku. Hutaona tofauti."

Mwanzoni, raha tupu. Nikamwona shemeji wa maana.

Halafu koo likaanza kukwaruza. Kila nikivuta, kama nimemeza msasa.

"Fuko, mbona maji haya yanachoma?"

"Si umetaka ladha ya tumbaku? Ulitegemea maziwa?"

Mke wangu akanihurumia. Kila asubuhi kikombe cha maji ya moto na asali, mezani, kimefunikwa na kisahani.

"Kunywa, baba watoto. Koo litazoea."

Nikaenda kwenye duka la vepu. Muuzaji, dada mmoja mwenye dharau, akanitazama nikivuta.

"Unavuta kama mtu anayenyonya petroli kwa mpira. Vuta kidogo kidogo. Kunywa maji mengi. Na badilisha koili hii, kiwaya cha ndani kinachochemsha maji, pamba yake imeungua, ndiyo inayokuchoma. Halafu chukua chupa ya nikotini ya chini kabisa."

Nikafanya yote. Koili mpya. Chupa mpya, ya chini kabisa. Nikavuta kwa adabu kama bibi harusi anavyokula mbele ya wakwe.

Dukani hapo haikuchoma. Siku chache baadaye, nyumbani, moto uleule. Tena zaidi.

Nikarudi dukani kugomba, sauti imebaki nusu.

Yule dada akaiinua chupa kwenye mwanga. Akainusa. Uso ukabadilika.

"Haya si maji niliyokuuzia. Yamekuwa meusi, na harufu ni kali. Nani mwingine anashika chupa hii?"

"Nani aishike? Inakaa dirishani kwangu, kwenye nyumba yangu."

"Basi acha kuvuta kabisa."

"Nimekuomba dawa, sijakuomba ushauri."

Nikatoka nikiamini ni mwizi anayeuza takataka.

Kazini wakaanza kunisema. "Spika imeingia maji." "Mpeni betri mpya." Bosi naye akanivuta pembeni: "Sauti yako ikiendelea hivi, nitakushusha chini, Fuko apande." Fuko alikuwa karibu, anajifunga kamba kiunoni. Akainama kukaza fundo, nikadhani anaficha kicheko tu.

Ikafika siku yenyewe.

Pete inashuka. Chini, Fuko amejibana ukutani, anaielekeza kwa mikono. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pafu moja la vepu. Nikavuta.

Niliona rangi. Kifua kikajikunja, kikohozi kikanishika, machozi yakatoka.

Katikati ya machozi nikauona mkono wa Fuko umeinuliwa. Mguu wake ulikuwa umeteleza chini ya pete.

Nikafungua mdomo.

Hewa.

Na kwetu kimya maana yake shusha.

Nikairusha vepu. Ikampiga Babu Chuma shingoni. Akageuka kwa hasira, mkono bado uko kwenye wenzo wa winchi.

"Una wazimu wewe?"

Hapo ndipo ukelele ulipotoka shimoni, ukaizidi injini.

Siku hiyo nilijua Fuko ana sauti.

Hospitali walimkata mguu. Alipozinduka vizuri aliniona nimekaa kando ya kitanda, akaanza kulia.

"Nisamehe, shemeji. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilikuwa naongeza nikotini kali kwenye chupa yako. Ile isiyochanganywa. Kila ukinunua mpya, naongeza. Nilitaka sauti ikatike, bosi anipandishe."

Sikuwa na sauti ya kugomba. Nikamnong'oneza: "Kila siku mimi ndiye nakushikia roho yako kwa mdomo. Ukaamua kuuziba?"

"Nilifikiria nikishapanda juu. Sikufikiria kabla sijapanda, nani ataniitia 'Shika!'"

Mtu ameshusha pete maisha yake yote, halafu hilo ndilo alilolisahau.

Nikageuka kumtazama mke wangu, nione atakavyoanguka kwa mshtuko. Alikuwa anakunja shuka la mdogo wake. Taratibu. Pembe kwa pembe.

"Ulijua?"

"Ni damu yangu. Kule chini kulikuwa kunamuua, na wewe miaka yote unakula upepo juu."

"Na asali?"

"Asali ilikuwa ya kukutuliza, usije ukaacha kuvuta."

Aliyasema hayo bila hata kuinua macho. Halafu akaongeza: "Sauti yako ingerudi. Mguu hauoti."

Niliinama sikioni kwa Fuko. Watu wa wodini walidhani namwombea.

"Hongera, shemeji. Umepanda. Hushuki tena."

Nikaondoka. Mtaniona katili. Sawa.

Mwataka funzo? Kitu kikikuchoma koo, kiache. Usitafute asali ya kuendelea kuchomwa. Na mtu ukimcheka mbele ya watu, usimwachie chupa yako dirishani.

Methali ya mchimba kisima msiniandikie huko chini kwenye maoni. Naijua, niliiona kwa macho.

Hasara ni hii. Mguu mmoja, wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Koo moja, daktari anasema kovu halitoki, na sasa naongea kama mlango wa choo. Ndoa moja. Kisima kimoja, kilifukiwa, mwenye kisima alikataa kunywa maji yaliyoingia damu.

Na filimbi moja. Hiyo bosi aliinunua kesho yake.