Damu ya Mbali

Mama hufuga kuku nyuma ya nyumba yetu kule mtaa wa Jericho, Nairobi, na kwa miaka mingi jogoo alikuwa mmoja tu. Aliwapanda matetea wote, kisha binti zake, kisha binti za binti zake. Vifaranga walianza kutoka mayaini midomo imepinda, wengine wakifa hata manyoya hayajakauka. Nilimwambia mama abadilishe jogoo nikachoka. "Huyu namjua," alinijibu, yakaishia hapo.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, shule moja hapo Kariobangi. Kila mwaka huwauliza wanafunzi kwa nini viumbe wahangaike kutafutana. Wale wadudu wa kijivu wanaoganda chini ya jani la sukuma wiki, jike huzaa bila dume, na watoto ni yeye mtupu. Rahisi! Lakini ugonjwa ukimjua mmoja umewajua wote. Kuzaa kwa wawili huchanganya, watoto wasifanane, na hapo ugonjwa hupata kazi ngumu. Ndiyo maana jike huchagua. Tetea hutazama kilemba cha jogoo kama ni chekundu cha afya, na akipandwa kwa nguvu na asiyemtaka, anaweza kuzimwaga mbegu za jogoo huyo. Hapo darasa zima hupiga kelele: "Aki mwalimu!"

Dada yangu mdogo hakuhitaji somo. Alimchagua fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole mwenye mikono iliyojaa alama za cheche. "Nampendea harufu," aliniambia, bila haya hata kidogo. Siku aliyomleta nyumbani alikuwa tayari na mimba, na nilidhani ni mimi tu niliyeambiwa.

Mama alimkaribisha, akamwandalia chai, kisha akauliza swali ambalo kwetu lazima liulizwe: "Wewe ni wa ukoo gani, mwanangu?"

"Mimi ni wa Donholm, mathe."

Tulicheka sana, maana Donholm ni mtaa, si ukoo. Mama hakucheka. Sisi watoto wa mtaa hatujui mambo ya koo, na yule kijana, kwa nia njema kabisa, akampigia simu nyanyake huko magharibi, akaweka spika ili sote tusikie. Bibi wa watu alifurahi kuulizwa! Akautaja ukoo wao, akaanza kuusifu, babu baada ya babu. Mama akaweka kikombe chini. Ulikuwa ukoo wake mwenyewe, ule alimozaliwa, na kwetu mtu haolewi katika ukoo wa mama yake.

"Maliza chai yako uende," akamwambia, kwa upole.

Nilipandwa na hasira. Nikasema kama hao wawili waliwahi kuwa na babu mmoja, alikufa kabla reli haijafika Nairobi, na damu yake imeshachanganyika hadi haijulikani. "Na wewe hapo nje unamwozesha jogoo watoto wake!"

"Kuku hawana ukoo," mama alinijibu. Kisha akamtazama dada tumboni. Kumbe alijua. "Huyo mtoto hatakaa."

Dada alihamia kwa fundi, lakini maneno yale alihama nayo. Kila mtoto alipotulia tumboni alinipigia simu akilia. Miezi ya mwisho presha ikapanda, miguu ikavimba, na mtoto akazaliwa amekufa. Msichana. Nilimshika. Hakuwa na kasoro popote, mzuri ajabu, na nilimchukia mama siku hiyo kwa moyo wangu wote.

Daktari alisema ni presha, humpata mwanamke yeyote. Mimi nami, pale kando ya kitanda, nikarudia somo langu lote: si damu, dada, damu yenu ni ya mbali, mtoto hakufa kwa hilo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Daktari amesema baada," akaniambia. "Wewe pia unasema baada. Mama alisema kabla."

Fundi akaingia na thamosi ya uji, akammiminia. Dada aliinuka kidogo, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, macho chini.

"Asante, mjomba."

Ndivyo tunavyomwita kila mwanamume wa ukoo wa mama. Kijana alisimama pale na kifuniko cha thamosi mkononi, akinitazama mimi nimsaidie. Kisha akaitika.